Mtango Hupotea Kabla Jani Halijaanguka



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo mno: bustani za matango, na majani yake yanayopukutika kabla ya wakati. Tumelichagua kwa makusudi. Kaya nyingi siku hizi zinategemea vipande vidogo vya bustani kwa ada ya shule, kwa chumvi na kwa matibabu. Tena tango ni tunda linaloliwa bichi. Linatoka shambani kwa mmoja likaingia moja kwa moja kinywani mwa mtoto wa mwingine. Mahali ambapo jasho la mtu mmoja linakutana na afya ya mtu mwingine, hapo pana suala la haki, na juu ya haki hatuna ruhusa ya kunyamaza.

Hoja yetu ni moja, nasi tunaitaja mapema ili msomaji asichoke kuitafuta. Jani la mtango huokolewa na jicho na mkono wa mwenye bustani kabla ugonjwa haujaonekana. Sumu inayomiminwa baada ya majani kukauka haiokoi mmea. Inamaliza fedha ya mkulima na kuhatarisha mlaji.

Wengi wetu tunakumbuka kisa cha nabii Yona. Katika Biblia ya Kiswahili iitwayo ya Muungano, mmea uliomwotea Yona na kumpa kivuli nje ya mji wa Ninawi unaitwa mtango. Wataalamu wa lugha ya Kiebrania wanadhani huenda ulikuwa mbarika, na ubishi huo ni wa kale sana: mnamo mwaka 403 Mtakatifu Augustino alimwandikia Mtakatifu Yeronimo kumweleza kwamba katika mji wa Oea, katika nchi ambayo leo ni Libya, Wakristo walizua ghasia kanisani kwa sababu mmea huo ulisomwa kwa jina tofauti na lile walilolizoea. Lakini jina lolote liwalo, kisa ni kilekile. Yona aliufurahia mmea kwa siku moja, buu likautafuna alfajiri, na jua lilipochomoza kivuli kilikuwa kimekwisha. Mungu akamkumbusha kwamba alikuwa akiusikitikia mmea ambao hakuufanyia kazi wala kuukuza. Katika kisa chote hakuna mahali tunapoambiwa kwamba Yona aliinua jani hata moja kutazama lililokuwa chini yake. Alikaa kivulini, akafurahi, kisha akakasirika. Wakulima wa namna hiyo wapo hata leo: hufurahi mtango ukitambaa, hukasirika ukinyauka, na katikati ya furaha na hasira hawapo bustanini.

Tuanze basi na jani lenyewe. Jani ni jiko la mmea. Humo ndimo mwanga wa jua, maji na hewa hupikwa kuwa chakula, na chakula hicho ndicho kinachojaza tunda. Mtango ni mmea wa haraka: kwa kawaida tangu kupandwa hadi tango la kwanza hupita siku 50 hadi 60, na kiasi cha asilimia 95 ya tunda ni maji. Mizizi yake mingi hukaa karibu na uso wa ardhi, hivyo hauna akiba ya kuuvusha siku mbaya. Mtango uliopoteza nusu ya majani katika juma la sita hauna muda wa kujenga jiko jipya. Matunda yatakayofuata yatakuwa madogo, yaliyopinda, mara nyingi machungu, na yale yaliyobaki wazi yataunguzwa na jua kwa kukosa kivuli. Anayepoteza jani amepoteza tunda, hata kama tunda bado linaning'inia.

Si kila jani linalogeuka njano, hata hivyo, ni ugonjwa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana mtu huona njano, hukimbilia duka la pembejeo, na hurudi na chupa asiyoijua kwa ajili ya ugonjwa asiouona. Majani mawili matatu ya chini kabisa yakichoka mmea unapozaa, huo ni uzee wa kawaida. Majani ya chini yakififia yote kwa pamoja na mmea ukadumaa, mara nyingi udongo umeishiwa naitrojeni, na dawa yake ni samadi. Kingo za majani ya zamani zikiungua kama zilizopitiwa na moto, yawezekana potasiamu ni pungufu. Na mmea ukilegea mchana huku udongo umeshiba maji, basi mizizi inakosa hewa, na kuongeza maji ni kuuzamisha.

Magonjwa yenyewe yana alama zake, na kila mwenye bustani anaweza kuzijifunza. La kwanza na la hatari zaidi ni ubwiri vinyoya, ambao wengine huuita ubwiri chini. Juu ya jani huonekana mabaka ya njano yenye pembe, kwa sababu yanazuiwa na mishipa ya jani. Ukiligeuza jani asubuhi kungali na umande, chini yake utaona utando wa kijivu au wa zambarau kama vumbi la mkaa. Ugonjwa huu hupenda ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 20, na jani lililolowa kwa saa kadhaa. Vimelea vyake husafiri kwa upepo. Jani likishaambukizwa, alama huonekana baada ya siku 4 hadi 12, na hali ya hewa ikiusaidia, shamba zima laweza kukauka ndani ya majuma mawili.

Wa pili ni ubwiri unga. Huu ni mweupe, kama mtu aliyemwaga unga wa ngano juu ya jani, na hauhitaji maji juu ya jani ili uenee. Hupenda ukame, joto la kadiri, na mimea iliyosongamana kivulini. Wa tatu ni madoa yenye pembe yaletwayo na bakteria, ambayo hukauka na kudondoka yakiacha matundu kwenye jani. Huu mara nyingi huja na mbegu, na huenezwa na mikono yetu tunapopita kati ya mimea iliyolowa. Wa nne ni batobato, ambapo jani huwa na mabaka ya kijani kilichokolea na kilichofifia, likajikunja na kudumaa. Hiki ni kirusi kinachosambazwa na vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaojazana kwenye ncha changa; mmea ulioupata hauponi, na kuung'oa mapema ni huruma kwa mimea iliyobaki. Tena wakati wa kiangazi, hasa bustani ikiwa kando ya barabara ya vumbi, huja utitiri mwekundu, ambao hukaa chini ya jani na kulifyonza hadi likawa na vidoadoa vyeupe, kisha shaba, kisha kukauka.

Mtaona kwamba karibu adui hawa wote huanzia chini ya jani. Ndiyo sababu tunasisitiza kuligeuza. Mwenye bustani anayepita asubuhi akigeuza majani machache katika kila tuta, dakika chache tu kila baada ya siku 2, atauona ubwiri ukiwa katika majani 5. Yule anayetazama kutoka njiani atauona ukiwa katika majani 500. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na bustani ni mahali ambapo ukuta hugharimu zaidi ya mavuno.

Tuitazame sasa nchi yetu hii ya Basotu. Mvua zetu huja kwa kawaida kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Mei. Zinapokwisha, huingia baridi ya katikati ya mwaka, yenye umande mzito alfajiri. Kipindi hicho cha mwisho wa mvua na mwanzo wa baridi ndicho msimu wa ubwiri vinyoya. Kisha kuanzia Agosti hadi Oktoba hewa hukauka, upepo na vumbi huvuma, na hapo ubwiri unga na utitiri huchukua zamu. Hivyo basi, mkulima wa Basotu hawezi kufuata kalenda ya mkulima wa pwani wala kuiga kila anachosikia redioni. Ajue adui wa mwezi wake.

Tunayo pia mali yetu, ambayo tunaona hatujaitumia ipasavyo. Mali ya kwanza ni samadi. Wazee wa Kiiraqw wa Mama Isara, kule kwenye nyanda za juu za Mbulu, wanafahamika na kuandikwa vitabuni kwa jinsi walivyolisha ardhi ndogo kwa samadi ya mifugo ya nyumbani kizazi baada ya kizazi, pasipo kuichosha. Ndugu zetu Wabarabaig wana ng'ombe, na pembeni ya maboma mengi samadi hulala ikipeperushwa na upepo. Mtango unaolishwa samadi iliyooza vizuri huota majani mapana na magumu kiasi. Samadi mbichi tusiitumie, maana huunguza mizizi. Tusizidishe pia mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni, kwa kuwa hutoa majani laini yanayopendwa na vidukari.

Mali ya pili ni mabua ya ngano. Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada na chini ya shirika la NAFCO, nyanda hizi zililimwa ngano kwa maelfu ya ekari, na historia ya mashamba hayo ina machungu yake kwa wafugaji waliopoteza malisho, machungu ambayo hatuyasahau. Lakini ngano imebaki kuwa zao la nchi hii, na baada ya mavuno mabua yapo. Yakitandazwa kuzunguka shina la mtango, unene wa vidole vinne hivi, yakiacha nafasi ndogo ili shina lisiguswe, hufanya kazi tatu kwa pamoja: hutunza unyevu kwa mizizi iliyo juujuu, huzuia matone ya mvua yasirushe udongo wenye vimelea kwenye majani, na huzuia magugu. Palipo na mchwa wengi, tutandaze kidogo kidogo tukichunguza.

Zipo na kazi nyingine ambazo hazidai fedha nyingi. Tuchague mbegu yenye ukinzani. Aina ya Ashley, kwa mfano, ilizalishwa ikiwa na uvumilivu dhidi ya ubwiri, na si aina ngeni katika maduka ya Afrika Mashariki. Tupande kwa nafasi, sentimeta 30 hadi 45 kati ya mche na mche, na mita moja au zaidi kati ya mstari na mstari, ili hewa ipite na umande ukauke mapema. Tuusimamishe mtango kwenye kichanja cha miti na kamba, badala ya kuuacha ujilaze ardhini. Tumwagilie asubuhi na shinani, kamwe si jioni juu ya majani, maana anayelowesha majani jioni amewatandikia vimelea kitanda cha usiku kucha. Majani yaliyougua tuyachume yangali machache, wakati bustani ni kavu, tuyafukie mbali. Lakini tusiuvue mmea nguo zote kwa hofu, kwa sababu jani lenye doa moja bado linapika.

Jambo jingine linalosahaulika ni udugu wa mimea. Mtango, boga, tikiti, mung'unya na ule mmea unaotupatia vibuyu vya kuhifadhia maziwa ni watoto wa ukoo mmoja. Huambukizana. Mahali palipolimwa maboga msimu uliopita tusipande matango msimu huu. Tuweke mahindi, maharage au vitunguu, na tuuache ukoo huo upumzike misimu 2 au 3. Aidha, bustani ya matango iliyozungukwa na maboga ya zamani yenye majani meupe kwa ubwiri unga ni kama mtoto mchanga aliyelazwa katika wodi ya wagonjwa.

Tunafika sasa kwenye lile linalotusumbua moyoni. Mkulima anapoona majani yamekauka, hununua dawa, hupiga bomba, na kwa kuwa tango halingoji, kesho yake au keshokutwa huchuma na kupeleka mnadani. Tutafakari jambo hili kwa utulivu. Kila kiuatilifu kilichosajiliwa huwa na lebo inayosema ni siku ngapi zipite kati ya kupulizia na kuvuna. Tango linalokomaa huchumwa kila baada ya siku 2 au 3, maana likikaa hugeuka njano na kukosa bei. Basi kama lebo inadai siku 7 na tango linadai kuchumwa siku ya 2, nani atatii na nani ataasi? Tunajua jibu la mara nyingi. Tango halipikwi, na wengi hulila na ganda lake. Kilichopuliziwa Jumanne kinaliwa Alhamisi.

Isitoshe, dawa hiyo mara nyingi haikusaidia chochote. Dawa nyingi za ukungu zinazouzwa kwa bei ya chini, zikiwemo zile za jamii ya mankozebu na za shaba, ni za kinga: hulizunguka jani lenye afya na kuzuia vimelea visiingie. Jani lililokwisha kuingiliwa haziliponyi. Mwenye kupulizia jani lililokauka ananunua majuto. Na juu ya mankozebu yenyewe, ni vema tufahamu kwamba Desemba 2020 Umoja wa Ulaya uliamua kutoongeza muda wa kibali chake kwa sababu ya hatari zake kwa uzazi na kwa mfumo wa homoni za mwili. Hatusemi hayo ili kutia hofu. Tunayasema kwa sababu mama mjamzito wa Basotu si mwepesi kuliko mama mjamzito wa Ulaya, na mwili wake unastahili tahadhari ileile.

Tunasikitika pia tunapoona mabomba yakisuuzwa ziwani. Ziwa Basotu ni maji ya wavuvi, ya mifugo na ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za maziwa na mito. Sheria hiyo haikutungwa ili kumnyima maskini bustani; ilitungwa ili maji ya wote yasigeuzwe kuwa mtaro wa mmoja. Na yale makopo matupu ya dawa, wapendwa, yasiwe kamwe vyombo vya maji wala vya mafuta ya kula. Kuoshwa mara tatu hakutoshi kuligeuza kopo la sumu kuwa kikombe.

Wengine watatujibu: "Baba Paroko, ni rahisi kwako kusema. Mimi nimekopa, mtoto anasubiri ada, na shamba linakauka mbele ya macho yangu. Unataka nikae niitazame njaa?" Ni swali la haki, nasi hatulikwepi. Hatusemi kwamba kila dawa ni dhambi. Ipo siku ambayo mwaka ni wa mvua nyingi, ugonjwa umetoka kwa jirani, na mkulima aliyefanya yote bado anahitaji msaada. Tunachosema ni kwamba dawa iwe ya mwisho katika mstari, na itumike kama inavyotakiwa. Tununue iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na yenye makao makuu Arusha. Tusinunue iliyomiminwa katika chupa ya soda isiyo na lebo. Tumwulize afisa ugani kabla, tukimchukulia jani lenyewe mkononi badala ya maelezo ya mdomo. Tupulizie jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, kwa kuwa ua la mtango hukaa wazi siku moja tu na pasipo nyuki matunda hupinda au hayafungi. Na hesabu ya siku za kusubiri tuitimize, hata kama ni kutupa matango ya siku hizo. Hasara ya ndoo mbili ni ndogo kuliko kumlisha mtu asiyejua.

Tena kuna njia nyepesi. Vidukari wachache huondolewa kwa maji ya sabuni ya kufulia iliyozimuliwa sana, yakielekezwa chini ya majani. Kuhusu ubwiri unga, mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha mwaka 1999 matokeo ya majaribio yake katika mimea ya jamii ya maboga: maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, sehemu 1 ya maziwa kwa sehemu 9 za maji, yakinyunyizwa mara kwa mara tangu ugonjwa unapoanza, yaliuzuia ubwiri huo vizuri. Katika nchi ya wafugaji kama yetu, tunadhani habari hiyo inastahili kujaribiwa katika tuta moja, bila kusahau kwamba maziwa hayo si tiba ya ubwiri vinyoya, na kwamba maziwa ya mtoto yasiondolewe mezani kwa ajili ya mtango.

Mwisho tunataka kugusa ujirani. Tumesema vimelea vya ubwiri husafiri kwa upepo, na ubwiri vinyoya huhitaji jani lililo hai ili uendelee kuishi. Maana yake ni kwamba shamba lililoachwa baada ya mavuno, lenye mitango mizee inayojifia taratibu, ni ghala la ugonjwa kwa kijiji kizima. Mwenye nalo hana tena faida ndani yake, lakini jirani aliyepanda juzi atalipa. Tunazoea kuungama yale tuliyotenda, lakini pia yapo tuliyotimiza kutotimiza: mitango mizee ambayo hatukuing'oa ni mojawapo. Tunapendekeza, basi, kwamba jumuiya ndogo ndogo zetu zenye wakulima wa bustani zikubaliane siku moja kila mwisho wa msimu ya kung'oa na kufukia mabaki ya matango, maboga na matikiti katika eneo lao. Mabaki yenye ugonjwa yasitupwe kando ya njia wala kwenye mfereji wa maji. Kazi ya asubuhi moja kwa watu kumi inaweza kuwaokolea gharama za dawa za msimu mzima, na hakuna chupa dukani inayoweza kufanya hivyo kwa mkulima aliye peke yake.

Wana wa Israeli walipokuwa jangwani waliyalilia matango ya Misri pamoja na matikiti na vitunguu, wakasahau kwamba waliyala wakiwa watumwa. Sisi tunalima yetu tukiwa watu huru, katika ardhi yetu, chini ya mlima Hanang. Uhuru huo una masharti yake. Mkulima huru anaweza kuulizwa swali moja rahisi, nasi tunamwachia kila mmoja wenu alijibu mwenyewe kabla ya mnada ujao: je, tango hili ninalomuuzia mwenzangu, ningempa mwanangu alile hapa hapa shambani, na ganda lake, leo hii?

Anayeweza kujibu ndiyo ametunza bustani yake vema. Anayesita, aanze kesho asubuhi kungali na umande: aingie bustanini, apige goti kwenye tuta la kwanza, ageuze jani.

Mungu, aliyempa mwanadamu bustani ailime na kuitunza, awabariki ninyi, mikono yenu na wote wanaokula kazi ya mikono yenu. Amina.